Tela la ekseli moja au la ekseli mbili: anza na mzigo utakavyokaa

Mtu akishakuwa na pikapu na kuona bodi lake halitoshi magunia, hatua inayofuata ni kwenda kwa fundi wa kuchomea kuuliza bei ya tela. Fundi naye humuuliza: ekseli moja au mbili? Wengi hujibu kwa mfuko, wakasema moja, maana tairi mbili ni nafuu kuliko nne. Wengine hujibu kwa macho, wakasema mbili, kwa kuwa linaonekana la kazi. Huenda wote wako sahihi, ila wameruka swali la kwanza: mzigo wako unakubali kupangwa, au unakaa unavyotaka wenyewe? Mahindi utayapanga. Maji hayapangiki, na ng'ombe ana mawazo yake.

Nitalinganisha machaguo manne ambayo huamuliwa pamoja hata kama fundi anakuuliza moja tu: mzigo ukae wapi, ekseli ziwe ngapi, shingo iwe na urefu gani, na breki ziwepo au zisiwepo. Shingo ni ule mkono wa chuma unaotoka mbele ya tela. Kirungu ni kile kichuma cha duara kilichofungwa nyuma ya pikapu, na kikombe cha shingo hukikalia kwa juu.

Kilo zinazokaa kwenye kirungu

Sehemu kubwa ya uzito wa tela hubebwa na magurudumu yake. Kiasi kidogo kinachobaki hukandamiza kirungu, na hicho kidogo ndicho kinachoamua kama tela litafuata gari kwa adabu au litapiga mkia. Kikipungua mno, au kikigeuka kikaanza kuinua kirungu badala ya kukikandamiza, tela linakosa kitu cha kulituliza. Upepo wa basi linalokupita, shimo, au usukani uliokatwa ghafla unalisukuma pembeni. Linarudi, linapitiliza upande wa pili, na kila mzunguko unakuwa mpana kuliko uliotangulia.

Nchi zilizozoea kuvuta matela hazikubaliani kuhusu kiasi hicho. Marekani wanataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Uingereza husema 5 hadi 7. Tofauti hiyo ina sababu. Magari madogo ya Ulaya mengi yana virungu vilivyoidhinishwa kubeba kilo 50 hadi 100 tu, na mwendo wao umebanwa: Uingereza gari dogo lenye tela haliruhusiwi kuzidi kilomita 97 kwa saa hata kwenye barabara kuu kabisa, na Ujerumani kiwango cha kawaida ni 80. Mmarekani anavuta kwa pikapu nzito na mara nyingi anakwenda kasi kuwazidi. Kwa pikapu zetu zenye chesisi ya vyuma viwili virefu, mimi hulenga asilimia 10, isipokuwa kibao cha kirungu au kitabu cha gari kikitaja kiasi cha chini zaidi. Hapo kibao ndicho kinachofuatwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua uzito wote wa tela na mzigo, zidisha kwa umbali ambao kitovu cha uzito kimekaa mbele ya ekseli, kisha gawanya kwa umbali kutoka kwenye kikombe hadi kwenye ekseli. Tuseme tela tupu ni kilo 350 na mzigo kilo 650, jumla 1,000, na kutoka kikombe hadi ekseli ni mita 3. Ili kirungu kipate kilo 100, kitovu cha uzito kikae sentimita 30 mbele ya ekseli. Sasa chukua mifuko sita ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, uirudishe nyuma mita moja. Kilo zote 100 zimekwisha. Hujaongeza mzigo wala hujapunguza, utingo amehamisha mifuko sita tu ili apate mahali pa kukaa, na tela uliloondoka nalo nyumbani silo unalorudi nalo.

Mbele, katikati, nyuma

Mzigo ukielemea nyuma ndio hatari kubwa, na sioni hali yoyote ya barabarani inayouhalalisha. Watu huufanya kwa sababu mbili. Kwanza, mlango wa tela uko nyuma, kwa hiyo cha mwisho kupakiwa kinabaki mlangoni, na mara nyingi cha mwisho ndicho kizito, maana kilisubiri watu wa kusaidiana kukiinua. Pili, shingo ikiwa nyepesi tela ni rahisi kuliunganisha kwa mikono, na dereva anaona mambo yamekaa sawa.

Mzigo ukielemea mbele kupita kiasi una ubaya wa aina nyingine. Hilux ya kizazi cha karibuni ina karibu mita 3.1 kati ya ekseli zake. Kirungu kikiwa mita 1.25 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo 150 juu yake zinaiongezea ekseli hiyo kama kilo 210 na kuzipunguzia tairi za mbele kama kilo 60. Usukani unakuwa mwepesi, taa za usiku zinamulika majani ya miembe, na breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa, zinapoteza mshiko. Tena kilo hizo za kirungu zinahesabiwa ndani ya uwezo wa bodi la pikapu. Aliyejaza bodi hadi mwisho, kisha akafunga tela, ameshapita kiwango hata kama tela lenyewe limepakiwa vizuri.

Ukilazimika kuchagua kati ya makosa hayo mawili, kosea mbele. Shingo nzito huonekana kabla hujaondoka: pikapu imechuchumaa nyuma. Shingo nyepesi haionekani mpaka ufike mwendo mkubwa.

Kuna mpangilio wa tatu unaowapita hata waangalifu. Mtu anaweka jenereta mbele kabisa na injini ya pampu nyuma kabisa, zinalingana, anapima kirungu, anapata kilo 100 safi. Kipimo ni sahihi na mpangilio ni mbaya. Vitu vizito vikikaa kwenye ncha mbili, tela likianza kuzunguka linakuwa gumu kusimamishwa. Weka vizito karibu na ekseli, mbele yake kidogo, chini kwenye sakafu, na vyepesi ndivyo viende kwenye ncha na juu. Kulia na kushoto pia viwiane, la sivyo tairi moja itabeba ya mwenzake na kupasuka kwanza.

Kupima hakuhitaji kifaa cha ajabu. Zuia magurudumu kwa mawe, simamisha tela mahali tambarare, kikombe kiwe kwenye kimo kilekile cha kirungu, kisha ukipumzishe juu ya kigogo kilichokaa kwenye mizani ndogo ya kujipimia mwili. Ukihofia kwamba kilo zitazidi uwezo wa mizani hiyo, tumia ubao imara: ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, na kikombe kikae theluthi moja ya ubao kutoka upande wa tofali. Kitakachosomeka, zidisha kwa 3. Sokoni kwenye mazao ni rahisi zaidi, mwombe mnunuzi mizani yake ya kupimia magunia kabla hajafunga. Usikadirie kwa kuhesabu magunia. Lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, pamoja na vita vyote vya Wakala wa Vipimo, bado zipo, na magunia kumi ya lumbesa yakikaa nyuma yamekudanganya mara mbili: kwa uzito na kwa mahali.

Ekseli moja

Ni nyepesi, bei yake ni ndogo, na tairi za kubadilisha ni mbili. Likiwa tupu unaweza kulizungusha kwa mikono uani. Kwenye kona za mitaa halikwaruzi tairi, na kwenye njia ya shamba linapita mashimo bila kulazimisha gari. Kwa mzigo ambao pamoja na tela hauzidi tani moja, unaosafiri karibu na kwa mwendo wa wastani, sioni sababu ya kununua zaidi.

Kasoro inayotajwa sana ni pancha. Tairi moja ikipasuka tela linalala upande huo, na kama spea huna, umelala nalo. Ni kweli, lakini kwangu si kasoro kubwa, maana spea na jeki zinanunulika. Kubwa ni kwamba ekseli moja ni mzani unaobembea: kila kilo iliyokaa vibaya inafika kwenye kirungu papo hapo. Tela hili linadai mpakiaji anayefikiri kila safari.

Na hapo ndipo ninapolipenda. Halifichi kosa. Ukipakia vibaya, shingo inainuka mikononi mwako ukiwa bado uani, hata kabla ya kuunganisha. Kwa mwenye tela anayepakia mwenyewe, hiyo ni heri. Kwa anayemkabidhi kijana tofauti kila wiki, ni balaa.

Ekseli mbili

Hapa nazungumzia ekseli mbili zilizokaribiana katikati ya tela, si ile ya mbele na ya nyuma, ambayo nitaigusa kwenye trekta. Tairi nne zikiwa zimepangana hivyo zinakataa kugeuzwa pembeni, kwa hiyo tela linatulia zaidi kwenye mwendo, na uzito unagawanyika. Tairi moja ikipata pancha, tela halianguki, unajikongoja taratibu hadi mahali salama. Kwa jumla ya tela na mzigo ya tani moja na nusu kwenda juu, au kwa safari ya mkoa hadi mkoa, ndilo ninalolipendekeza.

Gharama haiishii kwenye tairi. Ukikata kona kali tairi hizo zinaburuzwa pembeni na kulika, na kulisukuma kwa mikono likiwa na mzigo sahau. Ni zito likiwa tupu, na uzito huo unatolewa kwenye kile ambacho gari lako linaruhusiwa kuvuta.

Halafu kuna kimo. Kirungu kikiwa juu mno, pua ya tela inatazama mbinguni na ekseli ya nyuma inabeba zaidi. Kikiwa chini mno, ya mbele ndiyo inayoumia. Pikapu zilizoinuliwa kwa springi ndefu, ambazo vijana wanazipenda, zina tatizo hili karibu zote, na dawa yake ni kushusha bamba la kirungu hadi sakafu ya tela ilale sawa na ardhi. Muulize fundi pia kama springi za ekseli mbili zitaunganishwa na kile kipande cha chuma kinachobembea katikati yake, kinachogawa uzito gurudumu moja likipanda tuta. Kuna wanaochomea springi kila ekseli peke yake kwa kuwa ni kazi fupi. Tela la namna hiyo likipita kwenye tuta, kwa muda mfupi ekseli moja inabeba karibu kila kitu, na faida ya kuwa na mbili haipo.

Wakati ekseli moja inaumbua kosa, ekseli mbili zinalisamehe, na zikisamehe zinalificha. Mzigo ulioelemea nyuma hausikiki uani, hausikiki mjini, unakuja kusikika kwenye teremko refu. Anayedhani ekseli mbili zimemwondolea kazi ya kupima kirungu amelipia tairi mbili za ziada ili achelewe kujua.

Kwa anayetaka kulinganisha kwa haraka:

| Jambo | Ekseli moja | Ekseli mbili |
|---|---|---|
| Uzito unaofaa, tela na mzigo | hadi karibu tani 1 | tani 1.5 na zaidi, zikiwa na breki |
| Mzigo uliokaa vibaya | unaonekana mapema | unachelewa kuonekana |
| Tairi kupasuka | tela linalala upande mmoja | unaweza kujikongoja |
| Kona finyu na kusukuma kwa mikono | rahisi | tabu, tairi zinalika |
| Kimo cha kirungu | kinavumilia kidogo | kiwe sawasawa |

Kati ya tani moja na moja na nusu jedwali limekaa kimya kwa makusudi. Hapo angalia barabara: ya vumbi na fupi, moja yenye tairi nzito inatosha, ya lami na ndefu, chukua mbili.

Shingo fupi au ndefu

Swali hili ni dogo kwa bei lakini kubwa kwa matokeo, na ni nadra mteja kuulizwa. Shingo fupi inaokoa chuma, inaingia kwenye geti, na tela halikati sana kona kwa ndani. Ila linapiga mkia mapema, na kulirudisha nyuma ni mateso, maana linajikunja kabla hujamaliza kuzungusha usukani.

Shingo ndefu hutuliza tela na kulifanya litii taratibu wakati wa kurudi nyuma. Pia inakupa nafasi ya kusogeza mzigo mrefu juu yake. Mbao za Mafinga ndizo mfano wangu: ukizipakia zikianzia ukuta wa mbele wa bodi, mabaki yote yananing'inia nyuma na kitovu cha uzito kinakimbilia huko. Ukiwa na shingo ndefu na kichanja cha chuma mbele, unazisogeza zipite juu ya shingo, ukiacha nafasi ya gari kukata kona bila kugonga.

Pamoja na urefu wa shingo kuna mahali pa ekseli, na hapa ndipo nina ugomvi na mafundi. Wengi hupima bodi, hulikata nusu, na kuweka ekseli katikati kabisa kwa sababu inapendeza. Tela la hivyo likijazwa sawasawa toka mbele hadi nyuma, kinachokandamiza kirungu ni uzito wa shingo yenyewe na si zaidi sana. Ekseli inatakiwa kurudi nyuma ya katikati kidogo. Kwa tela la mfano wetu, sentimita 30 zinatosha kumfanya hata mpakiaji mvivu asikosee sana.

Breki au bila breki

Ulaya na Australia wamechora mstari kilo 750: tela lenye uzito wote usiozidi hapo linaweza kwenda bila breki zake, likizidi lazima liwe nazo. Uingereza wanaongeza kwamba tela lisilo na breki lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Sitoi sheria hizo kama sheria zetu, ila ni kipimo kizuri cha akili. Hilux hizohizo zinazosifiwa kuvuta kilo 3,500 zinavuta kilo hizo tela likiwa na breki. Bila breki, kiwango kinashuka hadi 750.

Aina iliyozoeleka kwa matela madogo ni breki za kujisukuma: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma, kikombe kinarudi nyuma kidogo na kuvuta breki. Hazihitaji waya wala kifaa ndani ya gari. Udhaifu wake ni teremko refu kama Kitonga, ambako tela linasukuma muda wote, breki zinashika muda wote, na zinapata moto. Shuka kwa gia ndogo tangu juu. Breki za umeme ni ghali zaidi na zinataka kifaa cha kuziongoza karibu na dereva, lakini zina faida moja ambayo nyingine hazina: tela likianza kupiga mkia, unaweza kushika breki za tela peke yake na kulinyoosha.

Kwa wasio na breki za umeme, tela likianza kuyumba achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usijaribu kulifukuza huku na huku, na usikanyage breki kwa nguvu. Kuongeza mwendo ili ulivute linyooke ni ushauri wa kijiweni. Kuyumba hukua kadiri mwendo unavyozidi. Tela lilelile lenye kuyumba kukubwa kwenye kilomita 100 kwa saa linaweza kutulia kabisa kwenye 70. Ukishasimama, usiendelee na safari kabla ya kusogeza mzigo mbele.

Neno kuhusu kirungu chenyewe. Vifaa vinavyoingia nchini vinatoka kila pembe ya dunia. Virungu vya Ulaya vina milimita 50, vya Marekani vya kawaida vina inchi 2, yaani milimita 50.8. Kwa macho huoni tofauti. Kikombe cha inchi 2 juu ya kirungu cha 50 kitacheza, na cha 50 juu ya inchi 2 huenda kisijifunge hadi mwisho. Soma namba zilizogongwa kwenye chuma, na funga cheni mbili zikipishana chini ya shingo ili zidake shingo ikichomoka.

Mizigo isiyopangika

Tangi la maji ni mfano mgumu kuliko linavyoonekana. Lita 1,000 ni tani moja kamili, na likiwa limejaa hadi juu maji yanatulia kama jiwe. Likiwa nusu, maji yanatembea: ukifunga breki yanakuja mbele na kukandamiza kirungu, ukipanda mlima yanakimbilia nyuma na kukiinua, wakati huohuo unapokihitaji kikandamizwe. Ukibeba maji kwa biashara, matangi mawili ya lita 500 yanashinda moja la 1,000, kwa sababu unaweza kumaliza moja kabla ya kugusa lingine. Anza kumaliza la nyuma.

Ng'ombe nao wanatembea, na uzito wao uko juu. Bila kizuizi cha katikati wanasongamana upande mmoja kona ikianza. Kwao ningechukua ekseli mbili bila kusita, bodi lenye kizuizi, na mnyama mzito zaidi sehemu ya mbele.

Boti zenye injini ya kufunga nyuma zina uzito wao mkiani tangu kiwandani. Hapo huwezi kupanga mzigo, unapanga tela: ekseli inayosogezwa kwa kulegeza boliti inafaa kuliko iliyochomelewa.

Ukivuta kwa trekta

Mambo hubadilika. Mwendo ni mdogo, kwa hiyo kupiga mkia si tatizo kuu. Tatizo ni mshiko wa tairi na teremko. Tela la ekseli moja iliyowekwa nyuma linaikandamiza trekta kwenye ndoano yake, na tairi kubwa za nyuma zinapata mshiko kwenye tope. Kwenye mashamba ya mpunga wakati wa mvua hiyo ni faida kubwa kuliko nyingine zote. Tela la magurudumu manne, lenye ekseli ya mbele inayogeuka na ya nyuma iliyosimama, halitoi kilo yoyote ya maana kwa trekta. Linasimama lenyewe ukilifungua, linabeba mzigo mkubwa bila wasiwasi wa mizani, lakini kwenye tope trekta inazungusha tairi pale pale. Shamba lenye tope, chukua ekseli moja. Lenye njia ngumu na ghala la mbali, chukua magurudumu manne.

Ukizidisha uzito kwenye ndoano, trekta inakuwa nyepesi mbele na kwenye mpando usukani haushiki. Vyuma vya kuongeza uzito mbele vipo kwa kazi hiyo. Tela lifungwe kwenye ndoano ya chini peke yake. Kulifunga juu, kwenye mkono wa kuinulia jembe, kunaweza kuipindua trekta chali kwa sekunde chache, na dereva yuko katikati. Kwenye teremko ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka na usikanyage klachi.

Mimi ningemwambia fundi nini

Kwa mfanyabiashara wa mazao mwenye pikapu moja, anayetoka kijijini hadi mjini na kusimamia upakiaji mwenyewe: ekseli moja, sentimita 30 nyuma ya katikati ya bodi, shingo ndefu kadiri geti litakavyoruhusu, breki za kujisukuma kama jumla inapita kilo 750. Kwa mwenye dereva wa kuajiriwa na barabara ndefu ya lami: ekseli mbili zenye springi zilizounganishwa, breki kwenye ekseli zote, kimo cha kirungu kipimwe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, na mstari wa rangi upigwe ndani ya bodi mahali ekseli zilipo. Mstari huo ni wa gharama ndogo kuliko yote na ndio ninaousisitiza zaidi, kwa sababu kijana anayepakia saa kumi na moja alfajiri hahitaji kujua hesabu. Anahitaji kuambiwa kwamba vizito vianzie kwenye rangi kwenda mbele.

Ukinunua lililotumika, usianze na bodi wala rangi. Tazama shingo inapoungana na fremu: nyufa kwenye mchomo hapo huenda zinaonyesha kwamba lilikuwa likipakiwa mbele kupita kiasi. Tazama kikombe kwa ndani: kikiwa kimelika sehemu ya chini ya kufuli kuliko ya juu, mwenyewe alikuwa akipakia nyuma, na shingo ilikuwa ikivuta kwenda juu safari nzima. Kisha pima umbali kutoka kikombe hadi kila ncha ya ekseli, kulia na kushoto. Namba zikipishana, ekseli imechomelewa upande, na hakuna upakiaji utakaolinyoosha.